Meza za Njano

Nilianza kazi kwenye maabara ya kiwanda kidogo cha rangi, upande wa Temeke, kabla mwanangu hajazaliwa. Nikisema maabara msidhani ni jumba la vioo na makoti meupe. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo, kina sinki, mizani, feni inayolia, na rafu ndefu ya vibati vilivyopakwa rangi. Pipa jipya likitoka kwenye mashine, nilipaka kibati, nikakikausha, nikakiweka dirishani kando ya kibati cha zamani na kuangalia kama nyekundu ya leo ni nyekundu ileile ya mwezi uliopita. Mteja akinunua kopo moja leo na jingine wakati wa Krismasi, ukuta wake usije ukawa na mabaka.

Rangi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa njano. Unga wake ulikuja kwenye mifuko ambayo ukiitazama ni midogo, ukiinyanyua inakushusha mabega. Njano ile ilikuwa haipauki. Unaipaka geti linalopigwa na jua la Dar mwaka mzima, na mwaka unaofuata geti bado linawaka.

Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa Kihindi, Mshia, mzaliwa wa Dar, aliyeachiwa kiwanda na baba yake. Wote tulimwita Mzee. Alianza kuchanganya rangi ujanani kwa mikono, kabla hawajanunua mashine, na hata alipokuwa bosi hakuweza kupita karibu na pipa bila kuchovya kidole na kukisugua kwenye gumba, kusikia kama rangi imesagika sawasawa. Kisha anapangusa mkono kwenye suruali, anarudi ofisini kunywa chai yake na mkate.

Nyumbani kwetu ni Mbagala. Mimi na mume wangu tumetoka Mbeya, yeye karani kwenye ofisi moja mjini, na mama yake aliishi nasi. Mtoto wetu alikuwa mmoja, wa kike, ana miaka minne, na tulikuwa tumempeleka chekechea mtaa wa pili. Chekechea yenyewe ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama mmoja mtaratibu ambaye watoto walimwita Bibi na sisi wazazi tukamwita Mwalimu. Alikuwa amegeuza vyumba viwili vya uani kwake kuwa madarasa, akaweka bembea kwenye mchanga na meza fupi za mbao kwa ajili ya uji wa saa nne.

Siku moja Mwalimu alinisimamisha getini.

"Mwanangu, nasikia unafanya kazi kwenye rangi. Hamnaga masalia huko? Mazingira ya watoto yamechakaa, naona aibu."

Nikampelekea Mzee ombi lile. Kulikuwa na makopo ambayo lebo zake zilichapwa vibaya, hayauziki. Akasema nichukue ninayotaka. Palikuwa na bluu, palikuwa na kijani, palikuwa na rangi ya maziwa. Mimi mwenyewe nilichagua njano, na siku ile niliona nimewachagulia watoto kilicho bora. Jumamosi wazazi tukakusanyika na brashi, tukapaka meza, nondo za madirisha, milingoti ya bembea. Binti yangu alipewa kijibrashi apake mguu mmoja wa meza. Mama mwenye genge la mboga pale kona, ambaye binti yake alikuwa rafiki mkubwa wa wangu, alileta chungwa kwa kila mtu. Tulipomaliza, uwanja mzima ulikuwa umechangamka, na Mwalimu akasimama katikati akatushukuru.

Ulipita mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mzee akapokea barua ya kuwaalika wenye viwanda vya rangi kwenye semina ya siku moja, hoteli moja ya Mbezi Beach. Akanipa barua. "Nenda wewe. Mie nikikaa kwenye kiti chao nasinzia."

Mtoa mada alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini kiasi kwamba wenzangu wa nyuma walikuwa wakipiga soga bila wasiwasi. Alizungumzia madini ya risasi, na misombo yake, yaani kemikali zinazotokana nayo, inayotumika viwandani: ile inayokausha rangi haraka, ile inayozuia kutu, na ile inayotoa njano kali na rangi ya machungwa. Alipotaja unga wa njano niliinua kichwa. Nilijua kwamba una risasi, imeandikwa kwenye mfuko. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba baharini kuna papa. Sikuwahi kujiuliza zaidi ya hapo, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akasema risasi ikiingia kwa mtoto mdogo inakwenda kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye ubongo unaokua. Mtoto haanguki, hapati homa ya kukushtua. Anaumwa tumbo mara kwa mara, anakuwa na hasira, anachelewa kushika herufi, na wewe unasema huyu mvivu. Akasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mtu mmoja nyuma akacheka, akasema sisi tumekulia kwenye nyumba za rangi hiyo na tuko hapa. Yule mama akamtazama kidogo, akaendelea.

"Mnapopima hatari," akasema, "msianze na kuuliza sumu ni kiasi gani. Ulizeni inamfikiaje mtu. Rangi iliyo juu ya paa na rangi iliyo mdomoni mwa mtoto ni sumu ileile, lakini hatari si moja."

Akatugawia karatasi zenye safu tatu. Safu ya kwanza uandike kitu kilichopakwa rangi yako. Ya pili, kipo wapi na kinachakaa vipi. Ya tatu, nani anakigusa, na anakigusa kwa nini. Watu wakaandika mageti, mapipa, matrela. Mimi nikaandika geti, nikaandika mlango wa duka. Mstari wa tatu mkono wangu ukaandika meza. Safu ya pili nikaandika: chekechea, zinafutwa kwa kitambaa kila siku. Safu ya tatu sikuandika kitu. Nilikaa na kalamu imegusa karatasi mpaka wino ukaacha tone, maana jibu la safu ile lilikuwa limevaa sketi ya bluu na asubuhi nilikuwa nimelisuka nywele.

Yule mama akapita karibu yangu, akasoma. Akarudi mbele, na nadhani aliyoyasema baada ya hapo aliyasema kwa ajili yangu: kwamba vipande vya rangi ya namna hiyo vina ladha ya utamu, ndiyo maana mtoto akishavionja hurudia.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Binti yangu alikuwa barazani na bibi yake wanachambua mchele. Nikamweka mapajani. Nikajitahidi sauti yangu iwe ya kawaida.

"Mama, kule kwa Bibi, zile meza mnazifanyiaga nini?"

"Tunakunywa uji."

"Na uji ukiwa bado?"

Akanitazama usoni, akijaribu kujua kama atagombezwa. "Mie naitafuna kidogo tu. Pembeni. Hata mwenzangu anatafuna, yeye ndiye aliyeanza."

"Kwa nini mnatafuna meza?"

"Tamu."

Mama mkwe akacheka, akasema watoto ni mchwa. Mimi nilimfungua mtoto mdomo nikamwangalia meno, kana kwamba ningeona chochote.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda kwa Mwalimu nikasema natafuta sweta la mtoto. Akaniacha uani peke yangu. Nikapiga magoti kwenye meza. Kingo zote za upande wanaokaa watoto zilikuwa zimeliwa. Alama za meno zilikuwa pale, ndogondogo, zimepangana kama za panya kwenye sabuni, na chini ya njano mbao nyeupe imeonekana. Mlingoti wa bembea ulikuwa umeanza kubanduka kwa chumvi na unyevu, na vipande vyake vimedondoka mchangani, pale pale miguu ya watoto inapoburuta. Nikabandua vipande kadhaa nikavitia kwenye bahasha, nikanawa mikono kwenye bomba la Mwalimu mara mbili. Akatokea, akaniuliza kama nimelipata sweta. Nikamwambia hapana, labda liko nyumbani.

Mume wangu nilimweleza tukiwa tumefunga mlango wa chumbani, mchana ule ule.

"Risasi?" akasema. "Hii ya bunduki?"

"Ndiyo hiyo. Madini ni yaleyale."

"Sasa ya bunduki na ya rangi wapi na wapi?"

Nikamweleza. Alikaa kitandani akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa nalikwepa: "Rangi nani aliipeleka pale?" Hakuuliza kwa kunilaumu. Aliuliza kama karani anayetaka kujua barua imepita kwenye meza ya nani. Akasema, "Basi usiseme kitu mpaka uwe na karatasi mkononi. Ukisema leo halafu ikawa siyo, umewatia watu kiwewe bure, na kazi umepoteza. Ngoja majibu."

Nilimwona ana busara. Simtupii yeye lawama. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ningoje, na angekuwa yeyote ningemsikiliza.

Jumatatu nilimpelekea yule mtoa mada bahasha yangu. Alikuwa amesema kwenye semina kwamba mwenye sampuli alete zipimwe. Akaniambia itachukua zaidi ya wiki, mashine ni moja na foleni ni ndefu. Nikatoka pale nikampigia Mwalimu simu. Nikamwambia mtoto ana malaria, atapumzika nyumbani.

Siku tisa. Kati ya yote yaliyotokea, hizo ndizo ninazozionea aibu.

Mwalimu alikuwa na grupu la wazazi kwenye simu, na kila siku saa nne na nusu alituma picha za watoto wakinywa uji, ili tuone kwamba wanakula vizuri. Picha ile ilinikuta kazini. Nilikuwa nikiisikia simu inalia mezani, najua ni nini, na mkono unakuwa mzito. Kisha naifungua, naivuta kwa vidole mpaka uso mmoja unajaa kioo chote. Yule rafiki wa binti yangu, mtoto wa mama wa genge, alikuwa anapenda kukaa pembeni kabisa. Siku ya tatu alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ukingo wa meza. Siku ya tano alikuwa ameinama na huwezi kuuona mdomo wake. Nikaandika ujumbe kwa Mwalimu: naomba wasitumie meza, nitaeleza. Nikaufuta. Nikaandika: wafunike meza kwa nailoni, zinachafua nguo. Nao nikaufuta. Wazazi wengine walikuwa wakijibu kwa alama ya mikono inayopiga makofi, nami, ili nisionekane nimenyamaza, nikapiga makofi.

Jioni nikipita kwenye genge, mama yule alinijazia mchicha na nyongeza ya kiganja kizima. "Mgonjwa vipi? Mwenzake anamuulizia kila siku. Mwambie apone haraka, huyu wangu naye tumbo linamsumbua, sijui minyoo."

"Pole," nikasema. "Mpe dawa."

Nilitembea mpaka nyumbani na ule mchicha nikashindwa kuupika.

Siku ya kumi, saa tano asubuhi, simu ikalia. Alikuwa yule mtoa mada. Hakunisalimu sawasawa. "Dada, hizo meza bado zinatumika?"

"Ndiyo."

"Ziondoeni leo. Usingoje barua. Ni mara nyingi sana zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa, hata mimi nimerudia kipimo."

Nikavua aproni nikaenda ofisini kwa Mzee. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kuanzia semina mpaka simu. Mwanzo alikasirika. Akasema njano hiyo imeuzwa tangu enzi za baba yake, haijawahi kurudishwa hata kopo moja. Akasema wauzaji wa unga wana vyeti. Kisha maneno yakamwishia. Akaweka kikombe chini, akaitazama mikono yake, ambayo kwenye mikunjo ya vidole ilikuwa na rangi isiyotoka, kama waliyo nayo mafundi wote wa zamani.

"Hii inaingia kwa ngozi?"

"Kidogo sana, Mzee. Inaingia kwa mdomo zaidi. Na vumbi tunalovuta, na linalokwenda nyumbani kwenye nguo."

"Nguo zangu alikuwa anafua mke wangu. Kwa mkono, siku zile." "Mimba tatu zilitoka, mama. Kabla ya huyu mkubwa wetu. Tatu. Alikuwa anajilaumu yeye, na mama yangu alikuwa anamlaumu yeye."

Nilifungua mdomo. Akainua mkono.

"Usinijibu. Ukinijibu ndiyo siwezi kuishi nalo, ukinijibu hapana sitakuamini."

Akainuka, akaenda mwenyewe kwenye mashine ya kuchanganyia, akaizima. Wafanyakazi wakageuka. Sikuwahi kusikia kiwanda kile kikiwa kimya saa za kazi. Ulisikia mpaka kunguru juu ya bati. Akawaambia wanawe mikono na uso, wabadili nguo, waende nyumbani, na nguo za kazi waziache pale pale. Kisha akaniambia nikawawahi watoto, na gharama za vipimo vyao vyote atazibeba yeye.

Mwalimu alikuwa anawaaga watoto nilipofika. Nilimsubiri mpaka wa mwisho. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaitika, "Marahaba, mgonjwa wetu hajambo?" Nikamwambia mtoto hakuwa mgonjwa. Nikamwambia yote. Alisikiliza akiwa ameshika kikapu cha vikombe. Nilipomaliza, hakupiga kelele. Akaweka kikapu chini akaingia darasani, akaanza kugeuza viti juu ya madawati, kimoja kimoja, kama anavyofanya mwisho wa muhula. Aliporudi akasema, "Kesho wazazi wote wawe hapa saa tatu. Utawaambia wewe. Mie sitaweza."

Walikuja zaidi ya ishirini, tukakaa uani, mbali na bembea. Nilisimama nikaeleza kwa lugha ya kawaida: rangi ina risasi, rangi niliichagua na kuileta mimi, watoto wameila, wote wanatakiwa wapimwe damu. Maswali yakaja yote kwa pamoja. Baba mmoja akataka kujua kama mtoto wake atakufa. Mwingine akasema ni uchawi wa wenye viwanda. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti ndogo, bila kukoma.

Mama wa genge alikuwa amekaa kwenye tofali mbele kabisa. Alingoja wengine wapungue.

"Naomba niulize," akasema. "Wiki ile mwanao ana malaria. Alikuwa na malaria kweli?"

Watu wakageuka kunitazama. Mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma, akainamisha kichwa.

"Hapana," nikasema.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nahofia. Nilikuwa nasubiri majibu."

"Ukamtoa wako." Akasema polepole, kama mtu anayejifunza kusoma sentensi. "Mie nikakupa mchicha, nikakwambia wangu tumbo linamsumbua, ukaniambia nimpe dawa. Ulikuwa unajua, ukamtoa wako, wangu ukamwacha."

 

Hasira zikapata pa kwenda. Baba mmoja akaivuta meza ya kwanza mpaka katikati ya uwanja, mwenzake akaleta ya pili, na mtu akakimbilia jikoni kwa Mwalimu kuchukua mafuta ya taa. Nilipoona dumu, woga wa aibu ukanitoka ukaingia mwingine. Nikakimbia nikaikalia ile meza.

"Msichome! Mkichoma, moshi wote utakuwa ni sumu, tutaivuta sisi na mtaa mzima, na jivu litabaki kwenye mchanga. Nipigeni mie kama mnataka, lakini msichome!"

Baba mwenye dumu alisimama mbele yangu anahema. Nilikuwa na hakika atanimwagia. Mwalimu ndiye aliyekuja akamshika mkono, kama alivyowashika watoto wake wote, akamwambia, "Leta hapa, mwanangu." Akampa.

Meza zilifungwa kwenye maturubai, zikachukuliwa na gari la kiwanda mpaka stoo ambayo Mzee aliifunga kwa kufuli. Nilimuuliza yule mtoa mada zitupwe wapi. Akasema kwa sasa zibaki hapo hapo zilipofungiwa, maana dampo la mtaa siyo mahali pake, na hakuwa na pengine pa kunielekeza. Mchanga wa bembea tuliumwagia maji usitoe vumbi, tukauchota kwa majembe, tukaweka kifusi kipya. Nondo za madirisha ziling'olewa. Nilifanya kazi hiyo wiki nzima, na kwa siku mbili za kwanza hakuna aliyesimama karibu yangu.

Damu za watoto zilichukuliwa kwenye hospitali ambayo haikuwa na kipimo chenyewe. Ilibidi zipelekwe kwingine. Tukasubiri tena, safari hii sote pamoja. Nilikuwa nikimtazama binti yangu anavyokula, anavyokimbia, anavyosahau kiatu, na kila kitu alichofanya kilikuwa dalili. Akilala mchana nilimwamsha. Akigombana na bibi yake nilihisi ni risasi inayosema. Mama mkwe alinivumilia, mwisho akaniambia, "Mtoto huyu usimmalize wewe kabla ya hiyo sumu yako."

Majibu yakaja. Watoto wengi walikuwa nayo, kwa viwango tofauti. Wangu ilikuwa juu kiasi cha kumfanya daktari avue miwani. Alituambia hatatoa dawa. Kitu cha kwanza ni kuiondoa sumu alipo mtoto, na hilo limefanyika. Tumpe dagaa, maharage, mboga za majani, maziwa, machungwa, maana mwili wenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha haunyonyi sana risasi. Tunawe mikono. Turudi baada ya miezi mitatu.

"Na iliyokwisha kuingia?" mume wangu akauliza.

"Ya kwenye damu itashuka."

"Na ya kwenye kichwa?"

Daktari akasema tutaendelea kumfuatilia.

Mtoto wa mama wa genge ndiye aliyekuwa juu kuliko wote. Alilazwa, akapewa dawa ya kuivuta sumu itoke mwilini, siku nyingi. Nilikwenda kumwona na chupa ya supu. Mama yake alipokea chupa, akaimimina kwenye bakuli, akamlisha mwanawe, akaiosha chupa yangu na kunirudishia. Yule mtoto ndiye aliyeniuliza rafiki yake yuko wapi, na kwa nini hakuja na mimi. Walikuwa wamemnyoa, na shingo yake ilionekana nyembamba mno. Nikamwambia atakuja. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje.

Aliruhusiwa baadaye, na sasa anacheza. Anaongea kidogo kuliko zamani, au labda alikuwa hivyo hivyo na mimi ndiye nisiyesahau kuhesabu maneno yake. Mama yake anaendelea kuniuzia mboga. Napokea fungu kamili, bila nyongeza, na sijawahi kuomba.

Mwalimu alifunga muhula mzima, akafungua tena na watoto kumi na mmoja, waliokaa kwenye mikeka. Mzee na sisi wote wa kiwandani tulipimwa. Yangu ilikuwa juu, yake ilikuwa juu mara kadhaa zaidi yangu, na mtoto wake mkubwa amemkataza kukanyaga tena kwenye mashine. Njano tunayotengeneza sasa ina unga mwingine. Inapauka haraka na wateja wanalalamika. Mie bado nipo kwenye chumba kile, lakini jioni, nikipita mitaani, siangalii tena rangi za nyumba. Naangalia vitu vilivyo usawa wa mtoto: kiti cha kinyozi, geti la shule, reli ya ngazi ya zahanati. Mara nyingi nagonga hodi na kueleza. Wengine wananisikiliza. Wengine wananiuliza natangaza biashara gani.

Risasi kwenye damu ya binti yangu imeshuka, kipimo cha pili zaidi kuliko cha kwanza. Yuko darasa la kwanza. Wiki iliyopita alikuwa mezani jikoni anafanya hesabu za kutoa, nami nakatakata vitunguu. Kumi na tatu toa tano. Akaandika saba. Akafuta. Akatazama dari, akahesabu vidole, akapotea katikati, akaanza upya. Nilikuwa nimesimamisha kisu. Mume wangu, aliyekuwa mlangoni, akaniona.

"Hata mie kutoa kulinishinda mpaka la tatu," akasema taratibu.

Labda. Watoto wangapi darasani kwake wanakosea kumi na tatu toa tano, na mama zao wanaendelea kukata vitunguu?

Binti yangu akaandika nane. Akainua uso akiwa na furaha, akanikuta nimemkazia macho.

"Mama," akasema, "usiniangalie hivyo. Unanitisha."

Nikamwambia nane ni sawa, aendelee na ya pili.